Lipu ikilia debe: kuokoa lipu ya chokaa kwenye nyumba za kale za mawe

Pita kwenye uchochoro wowote wa Mji Mkongwe, Unguja, ugonge ukuta kwa konzi. Palipo pazima ukuta unajibu kwa sauti fupi na nzito. Sogea hatua mbili, gonga tena: debe. Hapo lipu imeachana na jiwe na nyuma yake pana uvungu. Fundi wengi wakisikia debe, mkono unakwenda kwenye nyundo. Jioni ukuta uko uchi, kesho yake inakuja saruji, na kazi iliyokaa miaka mia na zaidi imekwenda na toroli la kifusi.

Mara nyingi si lazima. Lipu inayolia debe huwa yenyewe bado ngumu, ila imebanduka tu, na inaweza kushikishwa tena. Ninayoyaeleza hapa ni ya nyumba za mawe ya matumbawe, yaani Unguja, Lamu, Mombasa, Bagamoyo na Pangani, zilizojengwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Nyumba ya matofali ya saruji ina mambo yake mengine.

Kwanza jambo moja, maana asiyelielewa atafuata hatua zote na bado ataharibu. Chokaa ya pwani ni tumbawe lililochomwa kwenye tanuu hadi joto la nyuzi 900 hivi, kisha likazimwa kwa maji. Ikishapigwa ukutani inavuta hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa kitu kilekile ilichotoka nacho: jiwe la chokaa. Kwa hiyo lipu na ukuta ni ndugu wa tumbo moja. Wanapumua pamoja, wanalowa pamoja, wanakauka pamoja. Saruji ni mgeni mwenye nguvu kuliko mwenyeji. Ni ngumu kuliko tumbawe na haiachii unyevu, kwa hiyo maji yaliyomo ukutani yanatafuta njia nyingine. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambayo mwenyewe alikuwa amepiga saruji mpaka kiunoni ili azuie unyevu wa chini. Masika mawili tu, doa lilikuwa limepanda mpaka kifuani, juu kabisa ya saruji, na saruji yenyewe ilipobanduka ilitoka na ngozi ya jiwe. Alilipa mara mbili, na ukuta ukapungua.

Hatua ya 1: Tafuta maji yanakotoka

Usishike mwiko kabla ya hili. Lipu haifi kwa uzee, inauliwa na maji, na maji yana mahali yanapoingilia. Panda juu kwanza. Angalia bati, ukingo wa ukuta unaozunguka paa, na mlizamu: umeziba, umevunjika, au unamwaga maji ukutani badala ya kuyarusha mbali? Shuka ghorofa moja moja ukitazama mabomba ya choo na mabomba yaliyopitishwa nje. Siku hizi kuna adui mpya, kiyoyozi. Kipira chake kinadondosha maji tone tone mchana kutwa kwenye sehemu ileile ya ukuta, na chini yake utaona mstari wa kijani na lipu iliyovimba. Malizia chini: karo linalovuja, na barabara au kibaraza kilichoinuliwa kwa zege hadi maji ya mvua yakawa yanaegemea ukuta.

Rekebisha hayo, kisha subiri. Ukuta wa nusu mita au zaidi haukauki kwa wiki moja. Mimi huacha msimu mzima ukinipa nafasi, na walau miezi miwili mwenye nyumba akinisukuma. Ratiba nzuri ni kushughulikia paa kabla ya masika ya Machi hadi Mei, na lipu yenyewe kuifanya kipupwe, Juni mpaka Agosti, jua linapokuwa limepoa. Chokaa haipendi haraka.

Hapohapo simama mbali kidogo, utazame ukuta wote. Je, umejaa tumbo? Una ufa unaopita toka ghorofa hadi ghorofa, au boriti zilizooza vichwa ndani ya ukuta? Hiyo si kazi ya lipu tena. Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na watu wakafa. Ukuta wenye tumbo unaitiwa mhandisi. Wewe ondoka chini yake.

Hatua ya 2: Kibali na ramani ya debe

Mji Mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Unguja kibali kinatoka Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Lamu uliza kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nenda na picha za ukuta, si maneno matupu.

Kisha gonga. Ukuta mzima, kila shibiri moja, kwa konzi au kwa mpini wa mwiko. Usitumie nyundo. Panapolia debe chora mpaka kwa chaki. Nina alama tatu tu: duara kwa penye uvungu, mistari kwa panapotoka unga ukipitisha kiganja, msalaba kwa panapocheza ukisukuma kwa vidole. Penye msalaba ndipo pa kuanzia, maana panaweza kuanguka leo. Piga picha ya ukuta wenye chaki, uiweke. Utaihitaji mwisho wa kazi, na utaihitaji tena mwakani.

Ukikuta rangi juu ya rangi, maandishi, au nakshi zilizochongwa kwenye chokaa kama za zidaka za Lamu, yaani vishubaka vya ukutani, simama hapo. Kazi hiyo ni ya mtu aliyesomea nakshi, na hakuna aibu kumuita.

Hatua ya 3: Andaa chokaa

Ninayoitaka ni chokaa laini, iliyozimwa na kulazwa chini ya maji kwa miezi mitatu au zaidi, inayokatika kwa mwiko kama siagi. Ukipata chokaa ya mawe kutoka tanuu, iliyochomwa lakini haijazimwa, izime mwenyewe kwenye pipa la chuma. Maji yatangulie, chokaa ifuate kidogo kidogo. Usifanye kinyume kamwe, kwa maana inachemka na kuruka. Miwani, glavu, viatu vya kufunika, na ndoo ya maji safi pembeni. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika ishirini bila kuacha, kisha hospitali, hata kama maumivu yamepoa.

Chokaa ya unga ya mfuko inafaa ikiwa mfuko ni mpya na ulikuwa umefungwa vizuri. Iliyokaa dukani mdomo wazi imeshavuta hewa, imekufa. Ni unga wa mawe tu. Ile nzima iloweke kwenye maji, ikae wiki kadhaa kabla ya kuitumia.

Mchanga uwe wenye ncha, wa saizi mchanganyiko, uliochekechwa na kuoshwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi ndiyo unayopigana nayo. Ukilazimika kuutumia, uoshe mpaka maji ya mwisho ukiyaonja kwa ncha ya ulimi yasiwe na ladha.

Kuna wanaojaribu kujua mchanganyiko wa zamani kwa kuponda kipande cha lipu na kukimwagia siki: chokaa inayeyuka, mchanga unabaki, unapima. Bara jaribio hilo huenda likasaidia. Pwani linakudanganya, kwa sababu mchanga wetu una vipande vya makombe na matumbawe, na hivyo vinayeyuka pamoja na chokaa. Utahesabu chokaa mara mbili ya iliyokuwemo. Bora uvunje kipande kikavu, ukitazame juani kwa lenzi: ukubwa wa chembe, rangi, vipande vya mkaa wa tanuu, vigae vilivyopondwa. Halafu fanya sampuli zako tatu nne kwenye kigae, zikauke, uzilinganishe na lipu ya zamani.

Hatua ya 4: Punguza chumvi

Chumvi inaonekana kama sufi nyeupe juu ya ukuta. Ikiwa kavu, ifagie kwa brashi laini na uikinge kwenye karatasi, uitupe mbali. Usiisukutue kwa maji, utairudisha ndani. Baada ya hapo tengeneza uji mzito wa karatasi nyeupe isiyo na wino iliyolowekwa kwenye maji ya mvua, ubandike ukutani unene wa sentimita moja hadi mbili, uache mpaka ukauke kabisa na kuanza kubanduka wenyewe. Ukikauka umevuta chumvi kuja nayo. Rudia mara mbili tatu kwa karatasi mpya. Haimalizi chumvi yote. Inapunguza ile ya juu ambayo ingebomoa kazi yako.

Penye lipu inayotoka unga, ukandikaji wa karatasi usubiri. Utaondoka na lipu yenyewe.

Hatua ya 5: Rudisha lipu iliyobanduka

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa sitakimbia.

Anza na kingo. Popote lipu ilipovunjika ikaacha ncha inayoning'inia, ipige kope, yaani ukanda mwembamba wa chokaa na mchanga laini unaoteremka kutoka kwenye ncha ya lipu hadi kwenye jiwe. Kope inashika ncha na inaziba mdomo ili uji utakaoingiza usimwagike. Nyufa zote zinazozunguka uvungu zizibe vilevile. Acha zikae siku mbili tatu.

Penye msalaba weka mhimili kwanza: ubao uliofunikwa sifongo na karatasi ya plastiki, ukiegemezwa taratibu kwa mrunda. Taratibu, maana kusudi ni kuizuia lipu isije mbele. Ukiisukuma kurudi nyuma itakatika, kwa sababu ndani mna vumbi na vijiwe vilivyoanguka, na hakuna nafasi ya lipu kurudi.

Toboa matundu kwa keekee ya mkono, milimita nne au tano, penye ufa au penye dosari iliyokwishakuwepo ukiweza. Tundu la chini kwenye sehemu ya chini ya uvungu, mengine juu yake kila shibiri. Mashine ya umeme yenye kugonga iache nyumbani. Utajua umefika uvunguni: keekee inaingia ghafla, kama sindano inayopita ngozi. Puliza vumbi kwa kipira cha mkono, na uvae miwani kwa sababu linarudi usoni.

Sasa maji. Bomba la sindano la mililita 60, lisilo na sindano, lenye kipande cha mpira mwembamba mdomoni. Ingiza maji yaliyochanganywa na spiriti nusu kwa nusu, kutoka tundu la juu. Yanafanya kazi tatu. Yanaosha vumbi, yanalowesha jiwe lisije likanyonya uji wako wote mara moja, na yanakuonyesha mlango wa siri. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, nilisukuma bomba la tatu nikaona maji yanachuruzika kutoka chini ya fremu ya dirisha, hatua nzima kutoka nilipokuwa. Kama ungekuwa uji, ningejaza chumba cha jirani. Kila panapotoka maji, paziba kwa pamba iliyolowa au kwa chokaa.

Uji wenyewe: chokaa laini kipimo kimoja, unga wa tofali la kuchoma kipimo kimoja, maji ya kutosha upite kwenye mpira bila kukwama. Unga huo upondwe kutoka kwenye tofali lililochomwa kwa moto mdogo na uchekechwe kwa kitambaa. Si mapambo. Chokaa tupu inahitaji hewa ili igande, na ndani ya uvungu hakuna hewa. Unga wa tofali unaifanya igande hata gizani. Wapo wanaotia maziwa yaliyoondolewa mafuta ili uji ushike zaidi. Kwa ukungu unaoota kwenye kuta za pwani yetu mimi siyatii. Saruji, hata kijiko kimoja, usiweke.

Ingiza kutoka tundu la chini kwenda juu, ili uji unapopanda utoe hewa mbele yake. Mkono mmoja kwenye bomba, kiganja cha mkono wa pili juu ya lipu. Utahisi baridi ya uji ikipanda chini ya kiganja. Ukihisi lipu inakuja mbele hata kidogo, acha. Uji mbichi ni mzito na unaweza kubandua kile unachotaka kukishika. Ndiyo maana nafanya shibiri moja na nusu tu kwa siku kwenda juu, hata kama uvungu ni mrefu kama mlango. Uji ukitokeza kwenye tundu la pili, ziba la kwanza kwa pamba, hamia la pili. Uliodondoka ukutani ufute saa hiyohiyo kwa sifongo lenye maji safi. Ukikauka unabaki na doa.

Baada ya siku kumi hadi kumi na nne toa mhimili, chukua picha yako ya chaki, gonga upya. Mahali pengi patajibu kwa sauti nzito. Palipobaki debe rudia mara moja. Ukibaki uvungu mdogo kama sahani katikati ya sehemu iliyoshika pande zote, uache. Hautakuangukia.

Hatua ya 6: Imarisha lipu inayotoka unga

Dawa ya kale ni maji ya chokaa. Koroga chokaa laini kwenye pipa la maji safi, funika, acha siku moja au mbili mpaka itulie chini. Juu patakuwa na utando mwembamba kama wa chai iliyopoa. Upasue, uvute maji maangavu kwa mpira bila kutibua chini. Yatie kwenye bomba jipya la kupulizia, lisilowahi kushika dawa ya mimea, na unyunyize ukuta mpaka ukatae kunywa. Mabaki juu ya uso yafute kwa sifongo kabla hayajaacha weupe. Rudia kesho. Na keshokutwa.

Niseme wazi kuhusu nguvu yake: lita moja ya maji hayo imebeba gramu 1.7 hivi za chokaa, na kwenye joto letu inapungua. Kwa hiyo mara tatu ni kujifurahisha. Mara thelathini ndipo unapopitisha kiganja na kinarudi kisafi, na hata hapo umepata uso uliotulia. Jiwe haujapata. Penye chumvi nyingi usianze kabisa, kwani maji yote hayo yataiamsha. Ipo pia chokaa iliyosagwa chembe ndogo mno na kuwekwa kwenye spiriti, inayobeba zaidi na kuingia zaidi, lakini bei yake inafaa nakshi, si kuta za uani.

Usikubali kuuziwa vanishi, gundi ya mbao wala rangi ya plastiki kama dawa ya unga. Vinang'aa mwezi mmoja, kisha vinabanduka na ngozi ya lipu.

Hatua ya 7: Ziba palipokwishaanguka

Kata kingo za tundu kwa tindo ndogo, ziingie kidogo ndani kwa chini ili kiraka kishikwe. Fagia vumbi. Loweka jiwe jana yake jioni na tena asubuhi. Liwe na unyevu bila maji yanayometa.

Mashimo marefu usiyajaze chokaa tupu. Tomea: vijiwe vidogo vya tumbawe vilivyosukumwa ndani ya chokaa, vimebanana, mpaka uso uwe karibu sawa. Wazee wetu walifanya hivyo, na ndiyo sababu lipu yao haikupasuka. Siku hizi watu wanaona ni kazi ya kitoto. Wanaijaza rojo sentimita sita kwa mpigo, kisha wanashangaa nyufa.

Tabaka la kwanza: chokaa laini kipimo kimoja, mchanga vipimo vitatu, bila kuzidi sentimita moja na nusu. Lirushe kwa mwiko, usilipake tu, ili libane kwenye vinyweleo vya jiwe. Lichane kwa ncha ya mwiko, funika kwa gunia lililolowa, lining'inie karibu bila kugusa. Siku inayofuata lipu ikiwa imeanza kukaza lakini ukucha bado unaacha alama, ikandamize upya kwa kibao cha mbao. Hapo ndipo nyufa ndogo zinapofungwa. Asiyeikandamiza atalaumu chokaa.

Weka unyevu kwa wiki nzima, subiri wiki nyingine, ndipo tabaka la pili, kisha niru, yaani chokaa laini kwa mchanga mwembamba sana, milimita mbili au tatu tu. Usilazimishe kiraka kiwe bapa kama kioo. Kuta za zamani zina mawimbi, na kiraka kilichonyooka kwa pima maji kinaonekana toka mwisho wa uchochoro.

Hatua ya 8: Paka chokaa, kisha urudi

Rangi ya mwisho iwe chokaa iliyochujwa, nyepesi kama maziwa. Ukuta uloweshwe kwanza, mikono minne au mitano, siku moja kati ya mkono na mkono. Ikipakwa mbichi karibu haionekani, kana kwamba umepaka maji. Weupe unakuja inapokauka. Mwenye nyumba atalalamika baada ya mkono wa kwanza. Mwambie angoje.

Rudi baada ya masika ya kwanza na picha ya chaki mkononi. Anza na mlizamu, halafu kiyoyozi, halafu gonga palepale penye misalaba.